Mwenyekiti wa Usingizi

Mtaani Mukendo, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuna jiwe moja lililowashinda watu wa barabara. Walilipiga nyundo wiki nzima, wakalitukana, mwisho wakaipinda barabara wakaenda zao. Ubavuni mwa jiwe hilo pana ubao mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, na kiti kimoja cha plastiki chenye mgongo. Saa mbili asubuhi Keraryo hutua hapo birika lake la kahawa na jiko la mkaa, na kabla vikombe havijasuuzwa wenyewe wamekwishajaa. Kijiwe hicho kina sheria moja tu. Mtu akisinzia, Keraryo humtumbukizia kizibo cha soda mfukoni mwa shati. Mwisho wa mwezi vizibo vinahesabiwa mbele ya mashahidi, na mwenye vingi anatangazwa Mwenyekiti wa Usingizi: anakalia kile kiti chenye mgongo, anapewa kikombe cha kwanza, anaamkiwa kwa cheo. Upuuzi mtupu, lakini wanaume wazima wanauheshimu kuliko mkutano wa mtaa. Mwezi wa nne sasa kiti hicho kilikuwa cha Baltazar, na hakuna aliyekuwa anamkaribia.

Alhamisi ile Baltazar alikuja na neno moja moyoni. Alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima, kama mtoto anayekwenda kuungama mara ya kwanza. Juzi yake, Jumanne, akitoka Bunda na Canter ya tajiri wake, alilala kwenye usukani. Si kusinzia, alilala kabisa. Alipozinduka gari lilikuwa limetoka barabarani pale Nyasura, magurudumu ya mbele yako juu ya turubai la udaga wa mtu, mihogo iliyoanikwa, injini inaunguruma. Mwenye udaga, bibi mmoja, alikuwa ameingia ndani kufuata ungo. Angekuwa na ungo wake mkononi, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Baltazar alimwambia yule bibi kuwa breki zimegoma. Tajiri alimwambia tairi limekwenda upande. Kwa Mungu hakusema kitu, maana alijua anajua.

Na keshokutwa, Jumamosi, yeye huyo huyo ndiye dereva wa basi dogo la parokia. Kwaya ya watoto, vichwa thelathini na kimoja, Butiama kwenye jubilei ya padri, kwenda na kurudi.

Sasa amwambie nani? Nyumbani kuna kuta. Mkewe Boke alifariki, huu ni mwaka wa tatu. Watoto wawili, mmoja Geita, mmoja Dodoma, hupiga simu Jumapili. Wanauliza, "Baba, mzima?" Anajibu, "Mzima." Basi, simu imeisha. Mtu mwenye miaka hamsini na sita ukimuuliza kama ni mzima, unategemea akujibu nini? Kilichobaki ni kijiwe.

— Mwenyekiti huyo! akapiga kelele Mugeta, fundi simu, anayeitwa Profesa kwa sababu aliwahi kusoma kitabu cha maelekezo ya friji mpaka ukurasa wa mwisho. — Mpisheni kwenye kiti chake, mura!

— Shikamoo Mzee Stanislausi, akasema Baltazar, akikaa.

— Marahaba, mwanangu, akaitikia yule mzee, katekista mstaafu, mwembamba, koti lake limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka.

Wa tatu alikuwa Ngolo, mchuuzi wa samaki kutoka Kiriba. Huyo wanamwita Kamongo, kama yule samaki wa topeni, na yeye mwenyewe anaitika.

Baltazar akapokea kikombe. Akakishika kwa mikono miwili.

— Jamani, nina jambo. Juzi, pale Nyasura...

— Nyasura! akadaka Ngolo. — Kuna mama mmoja pale anasongaga ugali wa udaga, ukila asubuhi unashiba mpaka kesho yake.

— Ngolo, nisikilize. Nilisinzia. Kwenye gari.

Wakaangua kicheko. Keraryo akainuka na birika lake, akachukua kizibo, akamtumbukizia Baltazar mfukoni.

— Hata cha ugenini kinahesabika, akasema Keraryo.

Baltazar naye akacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake siku zote, kucheka nao. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na lile neno likarudi tumboni likakaa.

— Ila mimi nitakwambia ugonjwa wako, akasema Mugeta, akakunja nne. — Wewe una malale.

— Malale ya wapi?

— Si ulikwendaga kununua ng'ombe kule karibu na hifadhi? Mbung'o wamejaa kule. Walikuuma.

— Profesa, hiyo ni miaka minane iliyopita!

— Mdudu ana subira. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Hapana, hapana, akakataa Ngolo. — Hii kitu mimi naifahamu, ni ya ziwani. Mnamjua kamongo? Maji yakikauka anajifukia kwenye tope, analala humo miezi na miezi. Mvua ikinyesha, huyo, anatoka mzima anatafuta chakula. Sasa Balta amekula kamongo tangu yuko mtoto. Damu imekubali.

— Mbona wewe umekula kuliko mimi?

— Mimi nauzaga. Muuzaji hapatwi.

— Watoto wangu, akasema Mzee Stanislausi taratibu, — usingizi una mambo. Mimi hunijia jinamizi.

Wakamgeukia. Mzee huyu kwa kawaida huongea mwishoni, kufunga.

— Linakuja alfajiri. Macho yananifunguka, naiona dari, majogoo nawasikia, hata maziwa yakipita kwa baiskeli nasikia. Lakini mkono hauendi. Kifua kizito. Nataka kuita, sauti haitoki.

— Tangu lini? akauliza Baltazar.

— Tangu nilipostaafu.

— Na unafanyaje, mzee?

— Nasubiri liondoke.

Baltazar alitaka kumwambia pole, pole ya kweli, si ile ya mdomoni. Lakini Mugeta alikuwa amekwishapata hoja mpya, na Mugeta akipata hoja hata mazishi yatasubiri.

— Ni mnara! akasema, akinyoosha kidole juu ya mabati. — Ule mnara wa simu. Tangu umewashwa, unanyonya usingizi wa watu usiku, unautema mchana. Mimi hapa, saa nane usiku, macho kodo! Mpaka saa kumi na moja. Kila siku ya Mungu. Nahesabu misumari ya bati. Iko mia moja na kumi na sita.

— Kwa hiyo usingizi wako unakwenda wapi? akauliza Ngolo.

— Kisayansi, unakwenda kwa Baltazar. Ndiyo maana yeye anao mwingi. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

— Niurudishe basi, akasema Baltazar.

— Haiwezekani. Umeshachanganyika.

Wakacheka tena. Cheka tu, wewe unayesoma, lakini hebu waangalie. Nyumba zao hazipishani hata mwendo wa kuvuta sigara moja. Kila usiku mmoja anahesabu misumari, mmoja amebanwa na jinamizi anashindwa kuita, mwingine ndiye huyu Baltazar. Asubuhi wanakaa ubao mmoja, magoti yanagusana, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake kwa dhati, "Umelalaje?" Salamu hiyo tunaipita mbio.

Baltazar akajaribu tena.

— Lakini jamani, mimi nalalaga mapema. Saa tatu niko kitandani. Saa kumi na mbili naamka, kichwa kinagonga, mdomo umekauka kama nimelamba majivu. Usiku naenda msalani mara nne. Nalala masaa tisa mazima, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Hiyo ni nini?

— Uzee, akasema Mugeta.

— Unakoromaga? akauliza Ngolo.

— Nitajuaje? Si nimelala.

— Kama unakoroma, shukuru. Kukoroma ni afya. Baba yangu alikuwaga anakoroma mpaka fisi wanahama upande ule. Mwanaume haswa!

— Alifariki na nini? akauliza Mzee Stanislausi.

— Hakuugua, mzee. Alilala tu, hakuamka. Kifo kizuri kabisa.

Mzee Stanislausi akakitua kikombe chake, akamtazama Ngolo.

— Jumamosi nabeba watoto, akasema Baltazar. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyopanga. — Kwaya. Butiama.

— Sasa tatizo liko wapi? Kunywa kahawa vikombe sita, akasema Mugeta.

— Weka pilipili mdomoni, tafuna moja moja, akaongeza Ngolo. — Na Ijumaa usiku piga kinywaji kidogo, ulale sawasawa, usingizi uishe wote huko huko kitandani.

— Na watoto watakuwa wanaimba, akasema Mugeta. — Wahenga walisema, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Maana yake wao wakiimba, wewe unaamka.

— Hiyo siyo maana yake, akasema Mzee Stanislausi.

— Kwa mazingira ya sasa ndiyo maana yake.

Wakaanza kubishana maana ya methali. Mugeta akaleta friji. Ngolo akaleta baba yake. Baltazar aliwasikia wakisogea mbali, sauti zao zikawa kama za watu walio ng'ambo ya maji, akafikiri, nitawaambia wakimaliza, nikiwaambia ule udaga wataelewa.

Hakujua alipoondoka. Alijua tu aliporudi, maana paja lilimwaka moto. Kahawa yote ilikuwa imemwagikia suruali. Kikombe kiko chini. Keraryo alikuwa ameinama na kizibo mkononi, Mugeta anajifuta machozi ya kicheko, Ngolo anapiga ubao makofi.

— Tunamjadili yeye, na yeye kalala! Mwenyekiti wa maisha!

Mbele yao alikuwa amesimama dada mmoja, miaka thelathini hivi, mkoba wa vitambaa begani, futi ya fundi cherehani imemning'inia shingoni. Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama Baltazar kifuani, pale shati lilipokuwa linapanda na kushuka.

— Shikamooni, akasema.

— Marahaba, wakaitikia.

— Karibu kahawa, mama, akasema Keraryo.

— Asante baba, sijaja kukaa. Namtafuta huyu mzee, akasema, akimgeukia Baltazar. — Baba, mimi ndiye mpangaji mpya. Chumba kinachofuata chako.

Baltazar akamkumbuka, kwa mbali. Alimwona siku anashusha cherehani kwenye mkokoteni, wiki mbili na siku kadhaa nyuma. Tangu hapo walikuwa wanasalimiana bombani, basi.

— Ah, akasema, akijifuta suruali kwa aibu. — Najua ulichokuja nacho. Ule ukuta haufiki juu. Nakukoromea. Nisamehe mwanangu, nitasogeza kitanda upande wa pili.

— Kukoroma hakunisumbui, baba. Sisi kwetu tumelala na ndama chumba kimoja. Kinachonisumbua ni ukinyamaza.

— Nikinyamaza?

— Unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Pumzi hakuna. Usiku wa kwanza nilidhani umeamka. Nikasikiliza. Nikaanza kuhesabu, sijui hata kwa nini. Nikafika thelathini na nane. Halafu ukavuta pumzi kama mtu aliyetolewa ziwani. Ukakoroma kidogo. Halafu kimya tena.

Hakuna aliyecheka.

— Mara ngapi? akauliza Mzee Stanislausi.

— Usiku mzima, mzee. Nami siwezi kulala mpaka avute. Nikisema leo sihesabu, najikuta nahesabu. Jana nilifika hamsini na mbili. Nilikuwa nimeshashika mwiko niugonge ukuta.

— Kukoroma ni... akaanza Ngolo. Akainama, akaanza kukwangua magamba ya samaki kwenye kucha. Pengine alikuwa anamwona baba yake.

Yule dada akaendelea kwa haraka, kama mtu aliyeogopa atakatishwa.

— Baba yangu mdogo kule Tarime alikuwa hivi hivi. Wengine walisema mvivu, wengine walisema kalogwa, shamba lilimshinda. Hospitali wakamwambia ni ugonjwa, una matibabu. Koo linajifunga akilala, pumzi inakatika, mwili unashtuka kuvuta hewa. Usiku mmoja unashtuka mara mia, mwenyewe hajui. Ndiyo maana mchana anaanguka. Wakamkataza pombe za jioni, wakamkataza kulala chali, presha wakakuta iko juu. Wakamwandikia kwenda Mwanza, wakampima akiwa amelala. Sasa ana kimashine cha kuvaa puani usiku. Analima na trekta.

— Na jinamizi? akauliza Mzee Stanislausi kwa sauti ya chini. — Nalo lina daktari?

— Linaelezwa hospitali, mzee. Nenda ukaeleze. Hata kukosa usingizi kunaelezwa.

Mugeta alijifanya anakagua simu ya mteja, lakini sikio lake lote lilikuwa pale.

— Mimi nimekuja na swali moja, baba, akasema yule dada. — Linanisumbua kila nikihesabu. Kabla sijahamia, alikuwa anahesabu nani?

Ubavu wa kushoto wa Baltazar ukamkumbusha. Kiwiko. Boke alikuwa na kiwiko kikali, na kila usiku, miaka na miaka, alikuwa anamchoma nacho. Baltazar alikuwa anaruka na hasira. "Mwanamke, niache nilale! Kesho nina safari!" Boke alikuwa anajibu, "Lala, baba, lala." Na Jumapili, kanisani, Boke alikuwa anasinzia. Padri akianza mahubiri tu, kichwa cha Boke kinaanguka kifuani. Baltazar alimtania mbele ya watu. Aliwaambia shemeji zake kwamba ameoa mvivu. Hata mwaka ule wa mwisho alimtania.

Machozi yalimtoka papo hapo, saa tatu asubuhi, mbele ya wanaume. Hakuyafuta.

— Mke wangu, akasema. — Alikuwa ananiamsha. Nilikuwaga namgombeza.

Mzee Stanislausi akafanya ishara ya msalaba.

— Na juzi sikusinzia, akaendelea Baltazar, sasa neno limepata mlango. — Nililala. Niliingia kwenye udaga wa bibi wa watu. Alikuwa ameingia ndani kufuata ungo. Jamani, ungo tu! Nimedanganya kila mtu. Na nyinyi nilikuja kuwaambia, mkacheka, na mimi nikacheka.

Keraryo aligeuza kizibo mkononi, akakitupa mtaroni.

Baltazar akatoa simu. Akakosea namba mara mbili. Akampigia Debora, kiongozi wa kwaya. Debora ana sauti ya kwanza kanisani na kwenye simu vile vile, wote wakamsikia.

— Baba Baltazar! Watoto wamefurahi hao! Tunaanza safari saa kumi na mbili kamili, eh?

— Debora, tafuta dereva mwingine.

— Nani? Keshokutwa hii? Baba, usinifanyie hivyo! Kwani unaumwa?

Swali lile lile la wanawe kila Jumapili.

— Ndiyo, akasema. — Naumwa. Na Canter pia naiacha, mpaka nipimwe.

Alipokata simu alikuwa anahema kama amebeba magunia. Hakuwa na kazi tena, pengine kwa wiki, pengine kwa miezi, na tajiri wake si mtu wa kungoja. Lakini kifua kilikuwa chepesi, hilo halikatai.

— Jumatatu asubuhi nitakupeleka hospitali, baba, akasema yule dada. — Kazi zangu nitazifanya mchana. Maana daktari atakuuliza usiku huwa unafanya nini, na wewe hujui. Anayejua ni mimi.

— Mungu akubariki.

— Ila kuna jambo. Baba mdogo aliingia na mkewe, hakukuwa na maswali. Mimi nikiingia na wewe mle ndani wataniuliza mimi ni nani wako. Niseme nani?

Mke si yeye. Binti si yeye. Ukoo hakuna, kabila lenyewe hawajaulizana. Baltazar alimwangalia yule mtu aliyekaa macho kwa ajili ya pumzi zake siku kumi na nane, upande wa pili wa ukuta, na uso ukamwaka moto kuliko paja.

— Mwanangu, akasema, — unaitwa nani?